Uzi maalumu: Filta ya hewa isiyo jenuini, namna ya kuichagua, kuifunga na kuitunza kwenye barabara za vumbi

#1 SpanaKumi

Wakuu, heshima kwenu.

Swali la "nifunge filta gani ya hewa" linarudi humu kila mara, na majibu yake huwa orodha ya majina ya kampuni. Mimi jina la kampuni naliweka nafasi ya tatu. La kwanza ni mpira wa pembeni: unabana au haubani? La pili ni wingi na ubora wa karatasi. Filta ya bei kubwa inayocheza ndani ya boksi inapitisha vumbi kuliko ya bei ndogo iliyokaa sawasawa.

Mfano wa uzi huu uwe injini ya Toyota ya 1NZ-FE, maana ndiyo iliyojaa barabarani: Vitz ya 1.5, IST, Probox, Raum, Axio. Ina sentimita za ujazo 1,497. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta kama lita 4,500 kwenye karatasi, na kwa uhalisia karibu lita 4,000. Sasa geukia upande wa mafuta: lita 1 ya petroli ikiungua vizuri inataka karibu kilo 11 za hewa, yaani lita 9,000 hivi. Ukichoma lita 40, lita 360,000 za hewa zimepita kwenye hiyo karatasi yako.

Vumbi letu lina silika, na silika ni ngumu kuliko chuma cha ukuta wa silinda. Chembe zinazoumiza zaidi wala huzioni kwa macho. Ni zile za mikroni 5 hadi 20 (unywele wa mtu ni kama mikroni 70), kwa sababu ndizo zinazoenea kwenye utando wa oili kati ya ringi na silinda na kufanya kazi ya msasa. Kokoto na majani hata neti ya dirishani ingezuia.

Dukani nendeni na rula. Hesabu mikunjo ya karatasi, pima kina cha mkunjo mmoja na urefu wake, kisha zidisha: mikunjo × 2 × kina × urefu. Filta yenye mikunjo 50, kina sm 4, urefu sm 18 ina sentimita za mraba 7,200, yaani mita za mraba 0.72. Ile nyingine yenye paketi nzuri lakini mikunjo 34 ina 4,896, haifiki hata nusu mita. Theluthi nzima ya karatasi haipo! Zote mbili zinaingia boksi lilelile, na muuzaji atakwambia ni kitu kimoja.

Ila msihesabu tu mkaondoka. Mikunjo iliyolaliana haipitishi hewa, kwa hiyo hiyo karatasi ni ya kuhesabu, haifanyi kazi. Pitisha kidole juu ya mikunjo: ikae wima, nafasi sawa kwa sawa, irudi ukiiachia. Nyingi nzuri zina nyuzi za gundi zinazokata mikunjo kwa kulala ili isisogee.

Mpira: bonyeza kwa dole gumba, uachie. Urudi juu wenyewe. Uwe na unene mmoja mzunguko mzima, pembe nne zote zimejaa, na kama una kiungo basi kisiwe na ufa. Mpira mgumu kama soli ya kandambili haubani hata boksi likifungwa na klipu zote.

#2 MamaRafurodi

Ahsante sana mkuu SpanaKumi. Gari ni IST ya 1NZ, njia ni kilomita 60 kwa siku, nusu yake vumbi tupu. Pale Gerezani, Dar, kwenye maduka ya spea, ukitaja "ya IST" unaletewa filta tatu tofauti, kila moja muuzaji anaapa ndiyo yenyewe. Mtu ashike namba gani?

#3 SpanaKumi

Dada, usitaje jina la gari, taja namba. Toyota namba za filta ya hewa zinaanza na 17801. Kwa 1NZ ya IST na Vitz za mwanzo tafuta 17801-21030. Corolla ya 1ZZ ile ya miaka ya 2000 ni 17801-22020, na Hilux Vigo ni 17801-0C010. Magari ya Nissan yanaanza na 16546, Honda 17220. Kampuni mbadala karibu zote zinaandika namba ya jenuini kwenye paketi yao, ama wana kitabu dukani cha kulinganisha. Mpe muuzaji chesisi namba akuangalizie, kwa sababu gari la jina moja linaweza kuwa na boksi mbili tofauti kulingana na mwaka na injini.

Halafu njoo na ile ya zamani mkononi. Zilaze uso kwa uso: urefu, upana, kimo cha mpira. Kimo cha mpira ndicho watu wanachokisahau. Ukipungua milimita 2 kifuniko kitafunga vizuri kabisa, klipu zitalia "ka", na chini yake kuna mwanya.

#4 ChumaHakiozi

Naongezea hapo kwenye majina, maana mnaogopa kuyataja. Kwa filta za karatasi, ukiacha jenuini na Denso, zinazopatikana kwa urahisi ni VIC ya Japani, Sakura ya Indonesia na Mann ya Ujerumani. VIC na Sakura zote herufi A mbele ya namba ni filta ya hewa na C ni ya oili, usije ukachanganya ukiagiza kwa simu. Hizo zote zinatosha kwa gari la kawaida.

Tatizo ni feki zake. Feki nyingi huigwa paketi, ndani hawajisumbui. Angalia maandishi yaliyochapwa kwenye mpira au fremu yenyewe: namba ya filta iwepo na isomeke, na ifanane na ya kwenye boksi la karatasi. Angalia gundi: ikiwa imechuruzika na kuacha matundu pembeni, weka chini. Na kipimo kimoja rahisi, dondosha tone la maji kwenye karatasi. Karatasi ya filta hupakwa resini, tone litakaa juu kwa muda. Likinywewa papo hapo kama kwenye tishu, umeshajua uliloshika.

#5 Ngurumo_254

Salamu kutoka Nairobi. Hapa Kirinyaga Road wauzaji wengi wanasukuma zile za kuosha, K&N na zinazofanana nazo, "unanunua mara moja maisha yote". Na wengine wanaongeza kwamba gari linapata nguvu. Mnasemaje?

#6 Mhandisi_Kipimo

Tutenganishe mambo mawili hapo, ndugu yangu.

Nguvu: rudi kwenye hesabu ya SpanaKumi. Lita 4,000 kwa dakika zikipita kwenye mita za mraba 0.72 za karatasi, mwendo wa hewa kwenye karatasi ni kama sentimita 9 kwa sekunde. Hiyo ni pumzi ya mtoto aliyelala. Filta safi ya karatasi hainyongi injini ya kawaida ya 1.5, ukiibadilisha kwa iliyo wazi zaidi hakuna kilichokuwa kimezibwa cha kufungulia. Kwenye injini iliyoongezwa turbo au iliyobadilishwa kemshafti hadithi ni nyingine. Na kwa nyinyi wa Nairobi, mko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hapo imeshapoteza karibu 17% ya hewa yake. Hakuna filta inayorudisha hiyo.

Uchujaji: K&N ni kampuni iliyoanzia Riverside, California, mwaka 1969, na bidhaa yake ni pamba iliyopakwa oili ya kunata. Chembe inanasa kwenye nyuzi zenye oili. Inafanya kazi, haina ubishi. Lakini filta yoyote inapimwa maabara kwa kiwango cha ISO 5011, na hapo ndipo pa kusoma kwa makini. Chukua filta mbili, moja inanasa 99.5% na nyingine 97%. Kwa macho ni tofauti ya 2.5 tu. Sasa hesabu kinachopita: kwa kila gramu 100 za vumbi, ya kwanza imepitisha nusu gramu, ya pili gramu 3. Mara sita. Muuzaji asipokuonyesha namba ya ISO 5011, anakuuzia rangi nyekundu.

Ushauri wangu: lami ya mjini, ukipenda funga ya pamba. Vumbi la kila siku kama la MamaRafurodi, baki na karatasi nzuri.

#7 KijanaWaBomba

Za kuosha nazo tatizo si filta, tatizo ni waoshaji. Nieleze basi, maana hapa mtaani zinaoshwa kwa mashine ya kuoshea magari.

Itoe, igonge polepole kwenye kiganja, ondoa vumbi la juu kwa brashi laini ikiwa kavu. Nyunyizia kisafishi chake pande zote mbili na uiache dakika 10, isikaukie. Suuza kwa maji baridi ya bomba yenye mkondo mdogo, ukianzia upande unaotazama injini ili uchafu urudi ulikotoka. Ukianzia upande mchafu unausukuma uchafu ndani ya pamba. Petroli na dizeli zisikaribie, zinaharibu mpira wa pembeni.

Kisha ikauke kivulini. Saa kadhaa, ikibidi usiku kucha. Upepo wa kompresa unatanua nyuzi na kuacha matundu, na pasi au jiko linakausha mpira ukapasuka.

Ikikauka kabisa ndipo oili. Kwa filta bapa ya saluni ni kama mililita 30 tu kwa yote: mstari mmoja juu ya kila mkunjo, subiri dakika 20 ienee, panapobaki peupe gusa tena kidogo. Rangi ienee sawa na isidondoke. Futa fremu na mpira, na kama una muda isimamishe wima usiku mmoja juu ya gazeti. Gazeti likilowa, umezidisha.

Oili iwe ile ya filta. Kuna watu wanatumia oili ya gia ya otomatiki kwa sababu nayo ni nyekundu! Ni nyepesi, hainati, inavutwa yote mpaka kwenye sensa ya kupima hewa (MAF). Na oili ya injini inashuka chini kwa uzito wake, juu ya filta panabaki pakavu. Pamba kavu isiyo na oili haichuji kitu cha maana, tafadhali msiendeshe gari hivyo "kwa siku mbili tu".

#8 Baba_Kompresa

Mbona mnayakuza mambo. Filta ya karatasi unaipuliza upepo kila sevisi, inang'aa, unarudisha. Mwaka mzima hununui.

#9 Mhandisi_Kipimo

Mkuu, kwa heshima, hapo ndipo injini nyingi zinapoanzia kula oili.

Kompresa ya mtu wa tairi inakaa kati ya bar 8 na 10. Karatasi ya filta haikutengenezwa kwa hiyo. Upepo ule ukiwa sentimita 2 kutoka kwenye karatasi unafungua vitundu ambavyo huvioni, na hewa hufuata njia rahisi: tundu moja linabeba vumbi kuliko karatasi yote inayolizunguka. Ikibidi kabisa kupuliza, shusha hadi bar 2, kaa mbali angalau sentimita 15, puliza kutoka upande msafi kwenda upande mchafu, halafu ingiza taa ya tochi upande mmoja chumbani gizani. Ukiona nyota, tupa.

Na lipo jambo ambalo wengi wanaliona kinyume. Filta ya karatasi ikiwa mpya kabisa ndiyo inachuja vibaya zaidi katika maisha yake. Vumbi la kwanza likishatanda juu ya karatasi linakuwa sehemu ya chujio, na uchujaji unapanda. Ukiipuliza kila kilomita 5,000 unairudisha mwanzo kila mara, tena ikiwa na vitundu. Pia kila ukifungua boksi, vumbi la kwenye kifuniko linaangukia upande msafi.

#10 Baba_Kompresa

Sawa, hilo la tochi nimelikubali. Lakini mtu wa vumbi afungue lini?

#11 SpanaKumi

Vitabu vingi vya magari vinatoa kilomita 30,000 hadi 40,000 za kubadilisha kwa barabara nzuri, na vinasema ikaguliwe mapema zaidi kwenye vumbi. Kwa nusu vumbi, ikague kila kilomita 5,000. Kwa vumbi tupu, au ukitembea nyuma ya malori kiangazi, kila 2,500. Kukagua ni kuinua kifuniko na kutazama, hupulizi. Tenganisha mikunjo kwa vidole: juu ikiwa kijivu lakini chini ya mkunjo karatasi bado ina rangi yake, rudisha. Vumbi likijaa mpaka shina la mkunjo, au karatasi imelowa maji au oili, badilisha siku hiyohiyo.

Namna ya kubadilisha, maana hata hii inakosewa. Kabla hujafungua klipu, futa juu ya boksi kwa kitambaa chenye unyevu. Fungua, inua filta ikiwa bapa bila kuikung'utia pale. Futa chini ya boksi, upande mchafu, toa majani na wadudu. Gari lililokaa muda lichungulie vizuri, panya wanapenda kujenga makazi humo. Boksi nyingi zina tundu dogo la kutolea maji chini, lizibue.

Sasa tazama upande msafi, yaani ndani ya kifuniko na mwanzo wa hozi. Pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, filta iliyopita ilikuwa inavuja. Tafuta mstari wa vumbi ulipokatiza ukingo wa mpira, ndipo mwanya ulipo. Kujua kama mpya inabana, paka grisi nyembamba sana kwenye ukingo wa kifuniko, funga klipu zote, fungua tena. Alama ya grisi kwenye mpira iwe imezunguka bila kukatika. Ikikatika pembe moja, hiyo filta si ya boksi hilo, ama kifuniko kimepinda. Futa grisi, funga.

Vidole vya kifuniko viingie kwenye nafasi zake kwanza, kisha klipu. Watu hufanya kinyume, kifuniko kinakaa upande. Na klipu iliyovunjika inunuliwe, waya wa kufungia kuku haubani sawasawa.

#12 DogoWaKoni

Wakuu na zile filta za koni? Unatoa boksi lote unafunga koni. Sauti yake tamu sana.

#13 ChumaHakiozi

Sauti ndiyo unayonunua, mdogo wangu, na sauti si dhambi. Ila ujue bei yake.

Boksi la kiwandani linavuta hewa kutoka mbele ya gari, pembeni ya rejeta. Koni iliyo wazi inavuta ile ya juu ya injini. Kila nyuzi 3 za joto zinazoongezeka zinaondoa karibu 1% ya uzito wa hewa. Nje nyuzi 30, kwenye foleni chini ya boneti nyuzi 60: umepoteza kama 10%. Ukitaka koni, weka ukuta wa kuizuia joto na bomba la kuleta hewa ya nje.

La pili ni sensa ya MAF. Ile sensa haihesabu hewa yote, inapima hewa inayopita kwenye waya wa moto katikati ya bomba, na kompyuta inajua kipenyo cha bomba lile. Badilisha bomba la milimita 60 ukaweka la 66: eneo limepanda kwa 21%, hewa imepunguza mwendo, sensa inasoma pungufu karibu 17%. Kompyuta inamwaga mafuta kidogo kuliko hewa iliyoingia. Kwa mwendo mdogo sensa ya oksijeni itasawazisha, lakini ukikanyaga hadi mwisho kompyuta haisikilizi tena sensa hiyo na injini inachoma mchanganyiko mwepesi wenye joto kali. Kwa hiyo koni iwe na kishikio cha MAF cha kipenyo kilekile, na kuwe na kipande cha bomba kilichonyooka kabla ya sensa. Honda nyingi za miaka ya 1990 zinapima presha ya manifoldi badala ya hewa, hizo hazina shida hii.

La tatu ni kihozi cha kupumulia kinachotoka kwenye kifuniko cha vali. Kwenye gari la MAF kinaunganishwa baada ya sensa makusudi. Mafundi wa koni hukichomoa wakakifunga kifilta chake kidogo na kuziba tundu la zamani kwa plagi, au wasizibe kabisa. Hewa inayoingilia kwenye kifilta hicho haijapimwa na mtu. Taa ya injini itawaka, na skana itasema P0171, yaani mafuta ni kidogo kuliko hewa.

#14 Ngurumo_254

Na zile koni za kushusha chini nyuma ya bampa, si hewa huko ni baridi?

#15 ChumaHakiozi

Ni baridi, na ni karibu na maji. Masika, pale Jangwani ya Dar ikijaa maji, bampa inazama kabla hujapata hofu. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo juu ya silinda, kinachopinda ni konrodi. Injini ikizimika ndani ya maji usiiwashe tena, hata mara moja ya kujaribu. Vutwa, toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono maji yatoke. Filta ikitoka imelowa, jibu umeshalipata.

#16 MamaRafurodi

Je, filta chafu inakula mafuta? Fundi karibu wote wanasema hivyo.

#17 Mhandisi_Kipimo

Inategemea injini. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili, ripoti ikatoka 2009: kwenye magari ya kisasa ya petroli yenye kompyuta, filta iliyoziba haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Sababu yake ni rahisi: dereva wa petroli tayari anaibana hewa kwa throtoli (kilango cha hewa kinachofunguliwa na mguu), na kompyuta inamwaga mafuta kulingana na hewa iliyopimwa. Filta ikibana zaidi, mguu unafungua throtoli zaidi. Kinachopungua ni kasi ya kuchomoka na nguvu ya mwisho, utaisikia kwenye mlima na gari limejaa. Gari la kabureta ndilo linalokula.

Kwa hiyo tunabadilisha filta kulinda ringi, na pochi ya petroli haihusiki sana.

Dizeli ni habari nyingine. Hana throtoli ya kumsaidia, hewa ikipungua utaona moshi mweusi ukipanda mlima, na turbo inafanya kazi ya ziada. Vumbi likipita kwenye filta ya 1KD au 2KD, zile dizeli za Toyota zenye turbo, cha kwanza kuliwa ni kingo za feni ya turbo, zinakuwa butu kama kisu kilichochongwa kwa saruji.

#18 LoriKubwa

Kwa wenye Fuso na matrela: filta zenu ni mbili, ya nje na ya ndani. Ya ndani haioshwi, haipulizwi. Inabadilishwa baada ya ya nje kubadilishwa mara tatu hivi, na haitolewi isipokuwa mpya iko mkononi. Kwenye boksi kuna kijiti cha kiashiria. Kikiwa chekundu, ukinzani umefika kama inchi 25 za maji, ndipo unabadilisha ya nje. Msibadilishe kwa kuangalia rangi ya karatasi. Na ule mpira wa kutema vumbi chini ya boksi la duara uminyeni kila asubuhi, ukiwa umepasuka unavuta vumbi badala ya kulitema.

#19 DogoWaKoni

Basi niliyeshafunga ya pamba na taa imewaka P0171, naanzia wapi?

#20 KijanaWaBomba

Anza na skana kabla ya bisibisi. Injini ikiwa imepata moto, tazama trimu ya mafuta (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta) gari likiwa limesimama, halafu ishike kwenye mizunguko 2,500. Ikiwa iko juu sana kwenye sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) na inashuka ukipandisha mizunguko, hewa inaingilia mahali baada ya sensa: hozi iliyopasuka, klempu iliyolegea, kile kihozi alichosema ChumaHakiozi. Ikiwa inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, sensa ya MAF ndiyo inasoma pungufu, kwa kawaida kwa uchafu au oili. 1NZ nzima kwenye sailensa bila AC inasoma kama gramu 1.5 hadi 2.5 za hewa kwa sekunde. Ukikanyaga mwisho mizunguko 6,000 itafute kwenye 80 hivi.

Kuisafisha: zima gari, chomoa soketi, toa skrubu mbili za nyota, vuta sensa wima. Tumia dawa ya kupuliza iliyoandikwa ni ya sensa ya MAF, mipulizo 10 hadi 15 kwenye waya na kwenye kile kitone cha kupima joto, bila kugusa kwa kidole, pamba wala mswaki. Dawa ya kabureta inaacha utando na inakula plastiki. Iache ikauke vizuri, dakika 15 au zaidi, kabla ya kurudisha. Skrubu zinaingia kwenye plastiki, zikibana inatosha.

Futa ile kodi ya P0171 kwa skana, tembea siku mbili tatu, soma trimu tena. Ikiwa ndani ya 10% juu au chini, imekaa. Ikirudi kupanda, filta yako bado inatema oili: itoe, isimamishe wima juu ya gazeti usiku kucha, na kwa siku hiyo gari livae filta ya karatasi.

#21 MamaRafurodi

Nimeandika 17801-21030 kwenye karatasi, na rula iko kwenye mkoba. Kuna cha kuandika kwenye filta yenyewe nikiifunga?

#22 SpanaKumi

Ndiyo dada. Kalamu ya wino mzito, kwenye ukingo wa mpira: tarehe na kilomita za siku hiyo. Usiandike kwenye karatasi. Na namba ya kilomita irudie juu ya kifuniko, ili fundi mwingine asifungue boksi kutafuta jibu.